Gichin Funakoshi: Mwalimu wa shule aliyeitoa ngumi ya karate gizani

Hatua tatu, ngumi tatu. Popote karate inapofundishwa, iwe Tokyo, Paris, Nairobi au Dar es Salaam, mwanafunzi mgeni hukutana na zoezi hili mapema sana. Anatoa mguu wa kulia na ngumi ya kulia, mguu wa kushoto na ngumi ya kushoto, kisha mguu wa kulia na ngumi ya kulia tena. Ngumi ya tatu huipiga kwa ukelele mkali unaotoka tumboni. Akifika mwisho wa ukumbi anageuka na kuanza upya.

Anayechungulia dirishani hudhani ni mchezo wa watoto. Hakuna anayepigwa. Ngumi zote zinapiga hewa. Wanafunzi wengi huchoka na zoezi hili ndani ya miezi michache, wakaacha, kwa sababu walikuja kujifunza kupigana na badala yake wameambiwa warudie jambo moja kila siku.

Msikilizaji wetu, mtu aliyelipeleka zoezi hili mbele ya ulimwengu hakuwa askari wala bondia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mfupi wa kimo, aliyezaliwa akiwa dhaifu kiasi kwamba ndugu zake hawakutegemea angeishi. Jina lake ni Gichin Funakoshi. Katika makala haya tunayafuata maisha yake, na pamoja nayo swali moja: kwa nini mtu atumie maisha yake yote kunoa ngumi ambayo hataki kuitumia?

Mtoto wa Shuri

Funakoshi alizaliwa mwaka 1868 katika mji wa Shuri, kisiwani Okinawa. Kisiwa hicho kipo kati ya Japani na Taiwan, na wakati huo kilikuwa bado ndani ya ufalme wa Ryukyu, uliokuwa na mfalme wake na lugha yake. Lakini tangu mwaka 1609, wapiganaji kutoka kusini mwa Japani walipouvamia ufalme huo, wenyeji waliwekewa masharti makali kuhusu silaha. Ndiyo maana sanaa ya kupigana kwa mikono na miguu ilifundishwa kwa siri, kutoka kwa mzee hadi kwa kijana, nyuma ya kuta za nyumba.

Mtoto Gichin alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Alilelewa na babu na bibi wa upande wa mama, na alikuwa mgonjwa mara kwa mara. Shuleni alipata rafiki ambaye baba yake, Anko Azato, alikuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa sanaa hiyo ya siri. Kupitia urafiki huo Gichin alianza kwenda kujifunza. Miaka ilivyopita aliona afya yake inaimarika, na tangu hapo hakuiacha karate mpaka anaingia kaburini.

Ndoto yake ya kwanza ilikuwa udaktari. Chuo cha udaktari cha Tokyo kilipokea waliozaliwa kuanzia mwaka 1870 tu, kwa hiyo kumbukumbu zake za kuzaliwa zilibadilishwa ili aonekane mdogo kwa miaka miwili. Alifanya mtihani na kufaulu. Kilichomkwamisha ni nywele. Wanaume wa koo za heshima kisiwani walifunga nywele zao fundo utosini, na serikali mpya ya Japani ilikuwa imepiga marufuku mtindo huo. Jamaa zake walishikilia desturi, naye hakutaka kuwavunjia heshima. Nafasi ikampita.

Mwaka 1888, akiwa kijana wa miaka kama 20, alichukua kazi ya ualimu wa shule ya msingi. Hapo ilibidi akate lile fundo la nywele, na nyumbani kwao kukazuka ghadhabu kubwa. Kazi hiyo ya ualimu aliifanya kwa zaidi ya miaka 30.

Uani kwa mzee Azato

Mchana alifundisha watoto. Usiku alitembea gizani hadi nyumbani kwa mzee Azato akiwa na taa ndogo. Majirani waliokuwa wakimwona akirudi alfajiri walijiuliza mwalimu huyu anatoka wapi, na wengine walihisi mabaya.

Mafunzo yalifanyika uani. Azato aliketi barazani akitazama, na kijana alifanya kata. Hapa tueleze kidogo: neno hili la Kijapani halihusiani na kata yenye diwani. Kata ya karate ni mfululizo wa hatua, kinga na mapigo yaliyopangwa kwa utaratibu maalumu, ambao mtu huufanya peke yake kana kwamba amezungukwa na maadui.

Azato hakumpa kata mpya kila wiki. Alimpa moja, akamwambia aifanye. Akimaliza, aifanye tena. Siku zilipita, wiki zikapita, wakati mwingine miezi, bila ruhusa ya kusonga mbele. Funakoshi aliandika baadaye kwamba alitumia miaka 10 kujifunza kata tatu tu za aina moja. Alikiri kwamba kurudia huko kulimchosha na mara nyingine kulimdhalilisha. Lakini mwalimu hakusifia ovyo, na mwanafunzi hakuruhusiwa kuridhika.

Azato alimkutanisha pia na rafiki yake Anko Itosu, bingwa mwingine aliyejulikana kwa mwili mgumu na mkono mzito. Walimu hawa wawili hawakufanana kwa tabia wala kwa mbinu, lakini hawakuoneana wivu juu ya mwanafunzi wao. Walimlea pamoja.

Itosu ndiye aliyefungua mlango mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 aliingiza karate katika shule za Okinawa. Aliona kwamba kata za zamani ni ndefu na ngumu kwa watoto, basi akatunga tano fupi. Funakoshi aliyekuwa mwalimu wa watoto alielewa thamani ya jambo hilo. Baadaye alizipa kata hizo jina la Heian, lenye maana ya amani na utulivu. Katika ile inayofundishwa kwanza leo, ndimo zimo zile hatua tatu na ngumi tatu tulizozitaja mwanzoni.

Ngumi yenyewe inafanyaje kazi

Ngumi ya karate inaonekana rahisi, lakini ndani yake kuna mambo mengi yanayotakiwa kutokea kwa pamoja.

Kwanza, mkono unakunjwa vizuri: vidole vinne vinajikunja ndani ya kiganja, na kidole gumba kinafunga kwa nje, juu ya vidole. Anayeficha gumba ndani ya ngumi anaweza kulivunja mwenyewe. Kinachopiga ni vifundo viwili vikubwa, cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati, na kifundo cha mkono kinanyooka ili kisipinde wakati wa kugonga.

Pili, ngumi huanzia ubavuni, kiganja kikitazama juu. Inapita karibu na mbavu, kiwiko kikiifuata nyuma yake, na inapokaribia mwisho wa safari inageuka kiganja kikatazama chini. Wakati huohuo mkono mwingine unarudi ubavuni kwa kasi ileile. Mmoja ukienda, mwingine unarudi, kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: michi inapishana na haigongani.

Tatu, nguvu haitoki begani. Inaanzia kwenye kisigino cha nyuma kinachosukuma ardhi, inapita kwenye goti, nyonga inazunguka, na mkono unamalizia tu. Aliyeshika jembe analijua hili. Mtu anayelima kwa mikono mitupu huchoka saa mbili asubuhi. Anayetumia kiuno na miguu hufika adhuhuri.

Sasa mambo hayo yaunganishe na hatua. Mguu utue na ngumi ifike kwa wakati mmoja. Ngumi ikitangulia, haina uzito. Mguu ukitangulia, mwili umeshasimama na nguvu imekwisha. Kichwa kisipande na kushuka, mabega yasikazwe, kiwiko kisinyooshwe hadi kugonga. Hatua ya pili ianze bila kuyumba, na ya tatu iwe na uzima kama ya kwanza, ingawa pumzi imepungua.

Hapo ndipo tunaelewa kwa nini Azato hakuwa na haraka. Mtu hawezi kuyafikiria yote hayo kwa wakati mmoja. Yanapaswa kuingia mwilini mpaka akili isihitaji kuyaita, na njia pekee inayojulikana ni kurudia.

Pamoja na kupiga hewa, Funakoshi alipiga makiwara. Hiki ni kipande cha ubao kilichochimbiwa ardhini, kilele chake kikizungushiwa kamba ya majani ya mpunga. Ubao unapinda kidogo ngumi inapotua, na kumfundisha mpigaji kama mstari wake ni sawa au umepinda. Aliendelea kupiga makiwara hadi uzeeni.

Keki badala ya ngumi

Kisa kimoja kutoka katika kumbukumbu zake kinaonyesha ngumi hiyo ilikuwa ya kazi gani.

Siku moja huko Okinawa alikuwa njiani akibeba keki za kutoa sadaka kwa wahenga katika nyumba ya wazazi wa mke wake. Wanaume wawili walimzuia njiani wakitafuta ugomvi. Funakoshi wakati huo alikuwa kijana mwenye nguvu, aliyefunzwa na mabingwa wawili. Hakukunja ngumi. Aliwaomba msamaha kwa upole, na mwishowe akawakabidhi zile keki. Wale watu wakazichukua na kuondoka.

Aliposimulia kisa hicho kwa walimu wake, hawakumcheka wala kumwita mwoga. Walimsifu. Azato, ambaye alikuwa mchoyo wa sifa uani, aliona hapo kwamba mwanafunzi wake ameanza kuelewa.

Lakini tusidhani maisha yalikuwa mepesi. Mshahara wa mwalimu ulikuwa mdogo na familia ilikuwa kubwa. Mke wake alifuma vitambaa hadi usiku wa manane ili watoto wale na mume aendelee na mafunzo yake, ambayo hayakuleta senti hata moja.

Tokyo, ufagio mkononi

Mwaka 1921 mrithi wa ufalme wa Japani, Hirohito, ambaye baadaye alikuwa mfalme, alipita Okinawa akielekea Ulaya. Funakoshi aliongoza maonyesho ya karate mbele yake katika kasri la Shuri. Mwaka uliofuata, 1922, Wizara ya Elimu iliandaa maonyesho ya michezo mjini Tokyo, na Okinawa ikamtuma Funakoshi.

Alikuwa na miaka 53. Alikusudia kurudi nyumbani baada ya maonyesho, lakini Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alimwalika aonyeshe sanaa yake kwenye ukumbi wake. Wengine nao wakamwomba abaki awafundishe. Akabaki. Mke wake hakumfuata. Alichagua kubaki Okinawa kuyatunza makaburi ya wahenga, kama desturi ilivyomtaka.

Tokyo haikumpokea kwa zulia. Alipata chumba kidogo katika bweni la wanafunzi waliotoka Okinawa. Ili kulipia chumba na chakula alifagia ua, akalinda lango, akatunza bustani, na kwa saa chache alipewa ukumbi wa kufundishia. Ilifika wakati akaweka rehani nguo zake. Siku moja mwandishi wa gazeti alikuja kumtafuta bingwa wa karate, akamkuta mzee anafagia, akamuuliza bwana Funakoshi anapatikana wapi. Mzee akaomba asubiriwe, akaingia ndani, akavaa kimono chake rasmi, akatoka na kumsalimu mgeni kama mwenyeji. Mwandishi alipigwa na butwaa.

Mwaka huohuo wa 1922 alitoa kitabu chake cha kwanza kuhusu karate. Mwaka 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliharibu Tokyo, na vibao vya kuchapia kitabu hicho viliteketea. Alianza upya. Mwaka 1924 chama cha karate kiliundwa katika Chuo Kikuu cha Keio, na vyuo vingine vikafuata. Mwaka huo pia alitoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate, akifuata utaratibu uliobuniwa na Kano kwenye judo.

Mabadiliko yaliyozua maneno zaidi yalihusu jina. Kwa muda mrefu neno karate liliandikwa kwa alama zenye maana ya mkono wa Kichina. Katika miaka ya 1930 Funakoshi alichagua alama nyingine inayotamkwa vilevile lakini yenye maana ya utupu. Hivyo karate ikawa mkono mtupu. Baadhi ya watu, wakiwemo watu wa Okinawa, hawakufurahi, na ni kweli kwamba Japani ya wakati huo haikupenda chochote chenye sura ya Uchina. Yeye alilieleza jina hilo kwa namna mbili: mikono isiyo na silaha, na moyo usio na ubinafsi.

Vita vyachukua kila kitu

Mwishoni mwa miaka ya 1930 wanafunzi wake walichanga fedha na kumjengea ukumbi wake mwenyewe mjini Tokyo. Waliuita Shotokan, kutokana na jina Shoto alilolitumia kuandikia mashairi, lenye maana ya uvumi wa upepo kwenye misonobari. Alikuwa na miaka kama 70, na kwa mara ya kwanza alifundisha mahali ambapo hakuhitaji kuomba.

Furaha hiyo haikudumu. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia viliwachukua vijana wa vyuo vikuu aliowafundisha. Wengi walikuja kumuaga, na wengi hawakurudi. Mwaka 1945 mabomu ya ndege yaliuangamiza ukumbi wa Shotokan. Mwaka huohuo mtoto wake Yoshitaka, aliyekuwa msaidizi wake mkuu wa kufundisha, alifariki kwa kifua kikuu. Kule Okinawa vita vya ardhini viliuangamiza mji wa Shuri, pamoja na lile kasri alimoonyesha karate mwaka 1921.

Mke wake alihamishwa kama mkimbizi hadi Oita, katika kisiwa cha Kyushu. Funakoshi alimfuata huko, na baada ya miaka mingi ya kuishi mbalimbali wakawa pamoja tena. Mwaka 1947 mke wake alifariki. Mzee alirudi Tokyo akiwa hana mke, hana ukumbi, na hana mtoto aliyemtegemea kumrithi.

Wanafunzi waliosalia walimkusanyikia. Mwaka 1949 waliunda Chama cha Karate cha Japani na kumweka kuwa mwalimu mkuu wa heshima. Alikuwa amepita miaka 80, bado anafika ukumbini, bado anasisitiza kata na mapigo ya msingi.

Ushindi aliouonea haya

Katika miaka hiyo migumu baada ya vita, Funakoshi alikuwa akirudi nyumbani usiku pale mwizi alipomrukia. Mzee aliinama, shambulio likapita juu, naye akamdaka mwizi mahali penye maumivu makali zaidi kwa mwanaume. Akamshikilia mpaka polisi alipofika.

Vijana wengi wangeisimulia habari hiyo kwa majigambo. Yeye aliiandika kwa masikitiko. Aliona kwamba alikuwa amefanya kile alichowakataza wanafunzi wake kwa miaka yote: alikuwa ameshambulia. Tena aliyemshambulia, aliandika, huenda alikuwa askari tu aliyerudi kutoka vitani na kukosa kazi.

Hapo tunapata jibu la swali letu. Kwa Funakoshi, kurudia ngumi maelfu ya mara kulikuwa na kazi mbili. Kulimpa mtu uwezo, na papo hapo kulimzoesha kuutawala. Anayeweza kuisimamisha ngumi yake pale anapotaka, kwa kasi kamili, siku baada ya siku, anajifunza pia kuisimamisha hasira. Ukelele wa ngumi ya tatu haukuwa wa kumtisha jirani.

Wanafunzi wake vijana walitaka zaidi. Walitaka kupambana, kujua nani bora, kuhesabu pointi. Yeye alihofia mashindano, akiona yatawafanya watu wapende kushinda kuliko kujirekebisha. Mabishano hayo yaliwagawa wafuasi wake na hayajaisha hadi leo. Tuseme haki: mashindano yameifikisha karate kwa vijana ambao mzee huyo asingewafikia kamwe.

Gichin Funakoshi alifariki tarehe 26 Aprili 1957, akiwa na miaka 88. Mwaka huohuo, baada ya kifo chake, Chama cha Karate cha Japani kilifanya mashindano yake ya kwanza ya kitaifa. Mwaka 2021 karate ilichezwa kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Tokyo, jiji lilelile alilolifagia akiwa mzee asiyejulikana.

Mwaka 1968, miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, wafuasi wake walimjengea mnara wa jiwe katika hekalu la Engaku-ji, mjini Kamakura, kusini mwa Tokyo. Mnara huo haukuchorwa ngumi wala teke. Limechongwa juu yake fundisho alilolirudia kuliko yote, kwamba mtu wa karate haanzi kupiga.